Naombeni ushauri wakuu, baba yake bibi alikuwa Mpolandi wa kambi ya Tengeru, nataka kufuatilia paspoti

mtoto_wa_patandi
Wakuu habari za muda huu, wakubwa shikamooni. Mimi ni kijana wa Arumeru, nimemaliza chuo nina diploma ya umeme ila kazi ni za kuungaunga tu, leo unafunga soketi kwa mtu kesho umekaa. Niende kwenye mada. Nyumbani tangu nikiwa mdogo tunajua kwamba baba yake bibi (bibi mzaa mama) alikuwa mzungu, Mpolandi, katika wale wakimbizi walioletwa Tengeru kipindi cha vita ya Hitler. Alikuwa ofisa wa jeshi lao, alitoka kwao baada ya Mjerumani na Mrusi kugawana nchi yao, akafika huku akampata mama yake bibi, bibi akazaliwa, halafu kambi ikavunjwa wakasambaa. Bibi ukimuona hutabisha, macho ya kijani kabisa na ngozi ikipigwa jua inakuwa nyekundu.

Sasa nimesikia Poland wanatoa uraia kwa vizazi vya watu wao hata kama ni kitukuu, na paspoti yao ni ya Umoja wa Ulaya, unaingia Ujerumani au Uholanzi unapiga kazi bila kuulizwa. Swali: naanzia wapi? Kuna mtu humu amepita hii njia? Na inachukua muda gani, maana kuna sehemu nimeshaanza na kuna mtu ananisukuma nimalizie. Naombeni msinitukane, usingizi wenyewe siupati.

Kibega
Naweka kambi hapa. Kambi ya Tengeru, sio nyingine.

Ngosha255
Dunia imegeuka aisee. Sisi Mwanza tulikuwa na jamaa darasani baba yake Mgiriki wa pamba, alikuwa anaitwa chotara mpaka analia, mama yake alikuwa anampaka masizi ya sufuria ili afanane na wenzake. Sasa hivi watu wazima wanatafuta mzungu wa kumdaka kwenye ukoo kwa tochi. Yule jamaa siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi pale karibu na stendi na ukimuuliza habari za Ugiriki anakufukuza dukani.

Mama Wawili
Mwanangu marahaba. Hebu rudi kwenye hiyo sentensi, "kuna sehemu nimeshaanza na kuna mtu ananisukuma". Umeshampa mtu hela?

mtoto_wa_patandi
Mama hilo ni dogo tu, ni mtu wa kunisaidia makaratasi. Nilikuwa naomba tujikite kwenye swali.

Chai Maharage
Ukiona mtu anasema "tujikite kwenye swali" ujue jibu liko nje ya swali 😂😂

MwalimuMstaafu
Kijana, nimefundisha shule za huko Usa River muda mrefu na nilikuwa na kawaida ya kuwapeleka wanafunzi kwenye yale makaburi, yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo Tengeru, yamezungushiwa ukuta. Kwa hiyo hili naweza kukusaidia kidogo kabla hujakimbilia ubalozini.

Kwanza uelewe watu wale hawakukimbia kama sisi tunavyoelewa kukimbia. Tarehe 1 Septemba 1939 Mjerumani aliingia Poland kutoka magharibi, tarehe 17 mwezi huohuo Mrusi akaingia kutoka mashariki. Tarehe 10 Februari 1940, baridi imekaza, Warusi wakaanza kuwatoa watu wa mashariki ya Poland majumbani mwao usiku, familia nzima, baba mama watoto na bibi, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo mpaka Siberia, wengine Kazakhstan, wakakate miti. Walikufa wengi. Juni 1941 Hitler akamgeuka Stalin, Stalin akawa hana jinsi, Julai 30 akasaini mkataba na serikali ya Poland iliyokuwa London kwamba wafungwa waachiwe na waunde jeshi chini ya Jenerali Anders. Wanajeshi na familia wakavuka bahari ya Kaspi mwaka 1942 wakaingia Iran kwenye bandari ya Pahlevi, wamekonda, wana homa ya matumbo na chawa. Wanaume wakaendelea na jeshi. Wanawake na watoto Mwingereza akawatafutia pa kuwaweka, India, Rhodesia, Uganda, Kenya, na hapa kwetu Tanganyika: Tengeru, Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro. Tengeru ndiyo ilikuwa kubwa, karibu watu 5,000. Walijenga shule, hospitali, kanisa, karakana, mashamba, wakaishi kwenye vibanda vya duara vya kuezekwa kwa nyasi na majani.

Nilipokuwa nawapeleka watoto pale kuna mmoja alichuma maua juu ya kaburi akampelekea mwalimu wa kike aliyekuwa mgeni shuleni, nilimchapa, na leo huyo mtoto ni mkurugenzi sehemu fulani na tukikutana ananikumbusha. Lakini nimetoka nje ya mada.

Kibega
Mwalimu shikamoo. Hiyo historia ya mabehewa mbona shuleni hatukufundishwa, tulifundishwa Bismarck tu.

Masindi Boy
Mimi niko Uganda hapa Masindi. Hawa watu walikuwa na huku, Nyabyeya, pale msitu wa Budongo, kanisa walilojenga lipo mpaka leo na watu wanasali kila Jumapili. Nyingine ilikuwa Koja kule Mukono karibu na ziwa. Shangazi ya baba yangu alikuwa akisema wanawake wa Kipoland walikuwa wanalima wenyewe na kufua wenyewe, watu wa huku wakashangaa sana kwa sababu mzungu wa Mwingereza hakuonekana akishika jembe. Swali langu ni moja, kwa nini Tanzania ndio mnapata paspoti na sisi hatupati?

mtoto_wa_patandi
Asante sana mwalimu, asante Masindi. Kwa hiyo nikienda ubalozini nianze na barua au naenda tu?

Shangazi Mkali
Mimi naomba niulize jambo ambalo hakuna anayeuliza. Mama yake bibi alikuwa nani? Maana huyo mzungu tumeshajua mpaka treni aliyopanda. Mwaka 1951 huyohuyo Mwingereza aliyewapa Wapolandi ardhi ya kuishi Tengeru aliwatoa Wameru Ngarenanyuki kwa nguvu, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakafa njiani, ndiyo maana Kirilo Japhet wa Wameru alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa 1952 kwenda kushtaki. Huyo mama alikuwa na mtoto mchanga wa macho ya kijani kipindi hichohicho. Alilelewa na nani? Watu walimsema vipi? Hapo ndipo pana ukoo wako chalii angu. Ila hapo hapana paspoti ndiyo maana hupaulizi.

Ngosha255
Shangazi nakazia.

BoksiLaLeeds
Mkuu mimi nipo Uingereza, huku Leeds kuna klabu ya Wapolandi wa zamani, nilikuwa nafanya kazi ya kulea wazee na mmoja wa wateja wangu alikuwa bibi mmoja aliyekulia kambi ya Afrika akiwa mtoto, siku ya kwanza kaniambia "jambo" nikadhani kachanganyikiwa, kumbe mama anakumbuka mpaka namna ya kumenya ndizi. Akawa ananisimulia kwamba vita ilipoisha hawakuwa na pa kurudi kwa sababu kwenye mkutano wa Yalta mwaka 1945 wakubwa wa vita walishampa Stalin yale maeneo yao ya mashariki, kijiji chake leo kiko Ukraine. Ndiyo maana wengi wakaenda Uingereza, Kanada, Australia. Tulikuwa tunapika wali pamoja Jumamosi, acha tu.

Turudi kwako. Poland haikupi uraia kwa sababu una babu. Unachoomba ni kuthibitishiwa kwamba uraia ulikuwepo tangu mwanzo na haukukatika popote, kutoka kwa yule mzee kwenda kwa bibi, kwa mama yako, mpaka kwako. Pakikatika sehemu moja umekwisha. Bibi alizaliwa mwaka gani, mzee na mama yake bibi walifunga ndoa, na cheti cha bibi kimeandikwa baba nani?

mtoto_wa_patandi
Bibi ni wa Januari 1950. Hayo mengine yanafanyiwa kazi.

Mama Wawili
Yanafanyiwa kazi na nani???

Chai Maharage
Mtu wa makaratasi huyo 😂 mama ameshanusa

Fununu
Samahanini wakuu mimi nawaharibia sherehe. HII NI CHAI. Nimekaa kimya nasoma nikiwaona watu wazima mnatoa machozi.

Mwalimu kaeleza vizuri kabisa huko juu na hakuna aliyeunganisha nukta: wanaume wenye nguvu waliendelea na jeshi la Anders, walikuwa Monte Cassino Italia Mei 1944 wakipigana na Mjerumani. Tengeru walikuja wanawake, watoto na wazee. Sasa huyu "ofisa wa jeshi" aliyekuwa Tengeru anatongoza binti wa Kimeru alitoka wapi, alipewa likizo kutoka Italia? Pia angalieni akaunti yake ni mpya. Pia humu ulishawahi kuja uzi wa jamaa ana babu Mgiriki wa mkonge Tanga, mwisho wa siku akaweka namba ya wakala wa viza. Mtaniambia. Kesho kutwa hapa inawekwa namba.

Kibega
Duh. Kwahiyo nikunje kambi?

Ngosha255
Mimi tangu mwanzo nilihisi. Macho ya kijani Umeruni, hata simulizi za redio zinaona aibu.

Chai Maharage
Mnanitaja jina langu bure, chai ni mimi, huyu ni kamba tu

Masindi Boy
Kumbe mambo ni uongo? Mimi nilishamtumia kaka yangu huu uzi ameanza kuuliza wazee.

mtoto_wa_patandi
Daah. Haya sasa. Fununu mimi sina namba ya wakala ya kuweka hapa na sikuja kutapeli mtu. Mnataka ukweli nawapa na mkimaliza mnijibu swali langu.

Hakuwa ofisa. Hiyo ya uofisa ni ya nyumbani, wajomba ndio walikuwa wanasema hivyo tukikaa Krismasi, mimi nimeiandika kama nilivyoikuta. Alikuwa kijana tu. Alifika Tengeru 1942 ana miaka 11, yeye na mama yake, baba yake alifia huko Siberia. Alikuwa anafanya kazi karakana ya useremala ya kambi na mama yake bibi alikuwa anapeleka maziwa na ndizi pale getini na mama yake mkubwa. Mama wa huyo kijana naye akafia hapahapa Tengeru. Mnataka mengine?

Wakili wa Mtaani
Ndiyo tunataka mengine. Jana ulikuwa unajua cheo cha jeshi tu, leo unajua miaka yake alipofika na baba yake alifia wapi. Nani amekwambia?

mtoto_wa_patandi
Binti yake.

Kibega
Kambi naifungua upya

Mama Wawili
Mwanangu binti yake yupi? Si umesema binti yake ni bibi?

mtoto_wa_patandi
Binti yake mwingine. Yuko Kanada.

Ni hivi. Binamu yangu anayeishi Minnesota alikuja Desemba na vile vipimo vya mate vya vinasaba, unatemea kwenye kachupa kinarudishwa Marekani. Tukampima bibi. Majibu yalipokuja nusu ni watu wa huku na nusu ni Ulaya mashariki, na kwenye orodha ya ndugu akatokea mama mmoja wa Kanada imeandikwa ni ndugu wa karibu sana, kwa hesabu zao ni baba mmoja na bibi. Binamu akamwandikia, mama akajibu usiku huohuo barua ndefu. Baba yake alikuwa Tengeru, ndio huyo. Alishafariki. Hakuwahi kuwaambia kwamba kuna mtoto huku na yule mama anasema anaamini hakujua.

Haya Fununu, hiyo ni chai?

Fununu
Kama ni chai basi imewekwa tangawizi. Nasubiri picha ya majibu.

MwalimuMstaafu
Fununu hoja yako ilikuwa nzuri lakini hesabu imekushinda. Mtoto wa miaka 11 mwaka 1942 ana miaka mingapi mwaka 1949? Miaka 18. Watoto walikulia pale pale kambini.

Na kuna jambo limenishtua kijana. Mwaka 1949 watoto yatima wa Tengeru, zaidi ya mia moja, walichukuliwa wakapelekwa Kanada kupitia Italia, wakiwa na padri wao Łucjan Królikowski. Serikali ya kikomunisti ya Warsaw ilipiga kelele dunia nzima kwamba imeibiwa watoto wake inataka warudishwe, ndiyo maana walikuwa wanahamishwahamishwa haraka haraka. Kama mzee wako alikuwa yatima na akaishia Kanada basi huenda alikuwa kwenye msafara ule, na waliondoka Tengeru katikati ya mwaka huo. Bibi yako ni wa Januari 1950. Hesabu mwenyewe miezi.

Shangazi Mkali
Yaani binti aliachwa na mimba hata mwenyewe pengine alikuwa bado anajiuliza. Mungu wangu.

Swali, bibi alisemaje alipoambiwa ana mdogo wake Kanada?

mtoto_wa_patandi
Bado.

Shangazi Mkali
Bado nini?

Mama Wawili
Bado NINI mwanangu?

mtoto_wa_patandi
Bado hajaambiwa. Hajui kama alipimwa hicho. Tulimwambia ni kipimo cha sukari cha Marekani.

Chai Maharage
😳

Ngosha255
Hapana hapana hapana. Sukari wanapima kwa tone la damu kidoleni, bibi wa watu miaka sabini na zaidi ametema mate kwenye chupa ya Krismasi akidhani anatibiwa. Mimi bibi yangu tulimficha msiba wa mdogo wake tukisema asipate presha, alivyojua aliacha kula kwa mtu yeyote wa nyumba ile, alikuwa anapika mwenyewe kwenye jiko lake dogo mpaka anafariki. Wazee usiwachezee.

Mama Wawili
Umenisikitisha sana. Mate ya mtu ni ya mtu, na mzee wako hujamheshimu. Kama alitaka kujua angeuliza miaka yote hiyo.

mtoto_wa_patandi
Ndio hapo mnaponihukumu bila kujua. Bibi ukimuuliza habari za baba yake anasema "baba yangu ni yule aliyenilea", basi, anarudi kwenye kazi zake. Yule mzee Mmeru aliyemuoa mama yake alimlea kama wa kwake, akampa jina lake na shamba. Mimi hilo naliheshimu. Ndiyo maana sikutaka kumsumbua, nimemuacha na amani yake, na mimi nafuatilia cha kwangu pembeni. Makaratasi yakishakamilika ndio nitamwambia taratibu. Nimdhuru nini? Kwanza nikipata kazi huko wa kwanza kufaidika ni yeye, paa lake linavuja.

BoksiLaLeeds
Mkuu sikupigi mawe ila umejijibu mwenyewe pale "akampa jina lake". Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha bibi baba ni yule Mmeru. Sasa hayo "yanafanyiwa kazi" ni kazi gani?

mtoto_wa_patandi
Yule mtu wa makaratasi amesema kuna njia ya kupata cheti cha ubatizo cha zamani kinachoonyesha baba halisi. Misheni zilikuwa zinaandika. Nimeshampa nusu, niliuza bodaboda. Nusu nyingine anaitaka mwisho wa mwezi.

Wakili wa Mtaani
Sasa tumefika. Nitaandika kidogo kirefu mnivumilie.

Moja, cheti cha ubatizo ambacho hakipo na mtu anakwambia kuna njia ya kukipata, hicho kinaandikwa upya na kupakwa majani ya chai kionekane cha zamani. Ni kughushi. Ukikipeleka kwenye ubalozi wa nchi nyingine unaweza kujifungia mlango wa viza, mbali na polisi wa hapa.

Mbili, hata kingekuwa cha kweli hakikufikishi. Mwaka 1950 Poland ilikuwa inatumia sheria ya uraia ya 1920. Kwenye sheria ile mtoto wa ndani ya ndoa anafuata uraia wa baba na mtoto wa nje ya ndoa anafuata wa mama. Mzee na mama yake bibi hawakufunga ndoa, na mtu ambaye hakujua kama ana mtoto hawezi kuwa alimtambua kisheria. Mnyororo umekatika pale pale mwanzoni. Kama ingekuwa kinyume, mama ndiye Mpolandi, tungezungumza mengine.

Tatu, kuna kitu kinaitwa Karta Polaka, sio paspoti, ni kadi ya kutambua kwamba una asili ya huko, inakusaidia viza ya muda mrefu na kufanya kazi bila kibali. Inataka mzazi mmoja au babu au bibi mmoja Mpolandi, au wawili wa ngazi ya wazazi wa babu na bibi. Wewe una mmoja wa ngazi hiyo, huingii. Mama yako anaingia, bibi anaingia zaidi. Lakini wanataka nyaraka na ujue kuongea Kipoland walau cha kuombea maji, na majibu ya mate sio nyaraka.

Nne, nchi yetu haina uraia pacha. Ukichukua wa kule kwa hiari yako ukiwa mtu mzima wa huku umeuacha, na asiye raia hamiliki ardhi kwa uhuru kama raia. Hilo shamba alilompa yule mzee Mmeru ungelishikaje?

mtoto_wa_patandi
Mkuu wakili nashukuru ila huyo mtu ameshawatoa watu, nimeonyeshwa picha zao wakiwa Warsaw kwenye theluji. Na watu kibao wana paspoti mbili hapa mjini tunawajua. Sheria ya 1920 nani anaikumbuka leo?

BoksiLaLeeds
Wapolandi wanaikumbuka. Ndiyo sheria wanayofungua kila mtu akiomba, hao hawachezi na karatasi kabisa.

Ila kama unataka karatasi za kweli zipo. Kuna kanzidata ya waliopelekwa Siberia, iliyoanzishwa na watu wa kituo cha historia cha KARTA cha kule Poland (sio ile kadi), unaandika jina na mwaka wa kuzaliwa. Kuna hifadhi ya Arolsen kule Ujerumani wana kumbukumbu za wakimbizi baada ya vita. London kuna taasisi ya Sikorski, wana nyaraka za Wapolandi wa vita. Hivyo vyote unaandika imeili tu, humpi mtu bodaboda.

Fununu
Mimi bado sijaridhika na jambo moja. Huyo mama wa Kanada anataka nini? Watu wa kule hawajibu barua usiku huohuo bure.

mtoto_wa_patandi
Anataka kuongea na bibi. Ndiyo hicho tu anachotaka na ndicho kinachonisumbua. Kila wiki anaandika anauliza bibi anaendeleaje, ametuma picha za baba yake akiwa kijana, bibi kafanana naye mpaka inatisha. Anataka kuja Januari na mume wake aone kaburi la bibi yake, yaani yule mama wa huyo kijana, kaburi liko hapo chuo cha mifugo. Nimemwambia bibi haongei Kiingereza. Nikamwambia anaumwa. Sasa naishiwa.

Shangazi Mkali
Subiri. Kwa hiyo bibi yako ana bibi yake amezikwa pale Tengeru. Na bibi ameishi wapi siku zote?

mtoto_wa_patandi
Patandi. Alikuwa anauza maziwa kwa wafanyakazi wa chuo zamani.

Shangazi Mkali
Getini kwao!!!

Ngosha255
Mimi naomba niache kusoma huu uzi nina kikao.

MwalimuMstaafu
Kijana, makaburi yale yana majina, mengi bado yanasomeka, yako kama 150 hivi. Nitumie jina la huyo mama na mwaka, mimi niko hapa hapa Usa, naweza kwenda kesho asubuhi nikatafuta na nikakupigia picha. Yule mlinzi ananifahamu. Hilo halina gharama wala halihitaji cheti cha mtu. Bibi yako utamwambia au hutamwambia ni shauri lako na mama yako, na kwanza mama yako mzazi anajua?

mtoto_wa_patandi
Mama anajua kipimo, hajui Kanada.

Mwalimu jina nakutumia pembeni. Ila naomba nieleweke wakuu, mimi sikusema sitamwambia bibi. Nimesema makaratasi kwanza. Nikimwambia leo atasema tuache, na akisema tuache hakuna mtu nyumbani atakayenisaini chochote, wajomba wote wanamwogopa. Mngekuwa mmekaa nyumbani miaka mingapi na diploma yenu mngenielewa. Nusu ya hela nitampa yule mtu ila nitamwambia hicho cheti aanze nacho polepole.

Wakili wa Mtaani
Kughushi polepole. Haya.

Mama Wawili
Wewe mtoto nipe namba ya mama yako nimpigie mimi mwenyewe.

Chai Maharage
Mama Wawili usiweke namba humu jamaa wa Fununu watasema ndio wakala amejitokeza 😂

Fununu
Nacheka ila picha ya majibu bado sijaiona.

MwalimuMstaafu
Jina nimelipata pembeni. Kesho saa mbili asubuhi niko pale. Fununu kama uko Arusha njoo nawe uone kwa macho yako, panda za Usa ushuke Tengeru sokoni, nitakuwa pale kwenye wauza ndizi.

Fununu
Mwalimu naja. Nisipokuta kaburi nauli unanirudishia.

Kibega
Mtoto wa Patandi mkuu, huyo mtu wa makaratasi nitumie namba yake pembeni basi. Sisi kwetu Ifunda, na babu yangu mzaa baba ana nywele laini kidogo.